Ushauri huru wa kisayansi katika usalama wa chakula: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hujirudia kwa wasindikaji wa unga, wafanyabiashara wa nafaka, wanafunzi wa sayansi ya chakula na walaji wa kawaida. Mfano tunaoutumia zaidi ni sumukuvu ya aflatoksini kwenye mahindi na karanga. Ni sumu iliyochunguzwa sana, iliyoua watu Afrika Mashariki, na kikomo chake huzua ugomvi mpakani kila baada ya misimu michache. Maswali yana namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine.

## Misingi

1. Ushauri huru wa kisayansi ni nini hasa?

Ni jibu la maandishi linalotolewa na wataalamu kwa swali walilopewa na mamlaka ya chakula: kitu hiki kina madhara gani, kwa kiasi gani, na walaji wetu wanapata kiasi gani? Neno "huru" lina maana kwamba anayejibu hafaidiki na jibu lolote kati ya yanayowezekana, na kwamba aliyeuliza hana uwezo wa kulibadilisha jibu kabla halijatoka.

Ushauri huo si sheria. Jopo halipigi marufuku bidhaa, halifungi kiwanda, halizuii lori.

2. Tathmini ya hatari na usimamizi wa hatari zinatofautianaje?

Tathmini ni kazi ya kupima na kukadiria. Usimamizi ni kazi ya kuamua: kuweka kikomo, kukagua, kuruhusu, kuondoa sokoni. Kuna na kazi ya tatu, ya kuwaeleza watu, nayo huachwa mwisho kisha ikafanywa haraka na vibaya.

Kabla ya hapo tenganisha kwanza kitu chenye madhara na hatari yenyewe. Wavuvi wa pwani wanajua bunju ana sumu. Bunju akiwa baharini ni kitu chenye madhara. Akiwa kwenye sahani yako, kwa kiasi cha vipande kadhaa, hapo ndipo ipo hatari. Mamlaka ikisema "dutu hii ina madhara" bila kusema inamfikia mlaji kwa kiasi gani, imefanya nusu ya kazi. Magazeti nayo hutangaza hiyo hiyo nusu (tazama swali la 13).

3. Kwa nini kazi hizi mbili zitenganishwe? Si ni urasimu wa kuongeza ofisi?

Somo lililobadilisha mambo lilitoka Uingereza, kwa ugonjwa wa ng'ombe kichaa. Wizara iliyokuwa ikilinda walaji ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa mlezi wa wafugaji na wauza nyama. Ni kesi ya nyani kupelekewa ngedere. Februari 1989 kamati ya wataalamu iliyoongozwa na Richard Southwood iliandika kwamba uwezekano wa ugonjwa kumfikia binadamu ni mdogo sana, ikaongeza kwamba kama imekosea, matokeo yatakuwa mabaya mno. Serikali ikaikariri sehemu ya kwanza kwa miaka, ya pili ikasahaulika. Mei 1990 waziri wa kilimo alijitokeza mbele ya kamera akimlisha bintiye baga. Tarehe 20 Machi 1996 serikali ilitangaza wagonjwa 10 wa aina mpya ya ugonjwa wa ubongo, ikikubali kwamba huenda waliupata kwa kula nyama yenye maambukizi. Waliokufa Uingereza baadaye walipita 170.

Ripoti ya uchunguzi uliosimamiwa na Jaji Phillips ilitoka Oktoba 2000. Tatizo kubwa iliyoliona halikuwa uongo wa makusudi. Serikali ilikuwa na shauku ya kuzuia taharuki, na shauku hiyo ilitawala namna ushauri ulivyotafsiriwa. Mwaka huo huo, Aprili 2000, Uingereza ilianzisha wakala wa viwango vya chakula nje ya wizara ya kilimo. Umoja wa Ulaya ulifuata 2002 kwa kuunda EFSA, chombo kinachotathmini bila kuwa na mamlaka ya kuamua. Ujerumani nayo 2002 iligawa kazi kwa taasisi mbili: BfR ya tathmini, BVL ya usimamizi.

Utengano huo hauhitaji majengo mawili. Unachohitaji ni kwamba atakayesoma baadaye aweze kuona sayansi iliishia wapi na uamuzi ulianzia wapi.

4. Ushauri huo hutolewa na nani duniani, na sisi tunautumiaje?

Kwa viongeza vya chakula, vichafuzi kama sumukuvu, na mabaki ya dawa za mifugo, kuna JECFA, kamati ya pamoja ya FAO na WHO iliyoanza 1956. Kwa mabaki ya viuatilifu kuna JMPR, na kwa vijidudu JEMRA. Hawa hutathmini. Tume ya Codex, ya viwango vya chakula vya kimataifa, iliyoanza 1963, hupokea majibu yao na kujadili vikomo. Humo ndani nchi ndizo zinazokaa mezani.

Nchi isiyo na maabara wala wataalamu wa kutosha inaruhusiwa kutumia tathmini za vyombo hivi. Mkataba wa WTO (Shirika la Biashara Duniani) wa afya ya binadamu, wanyama na mimea unalikubali hilo kwenye kifungu cha 5.1. Kinachokosewa mara nyingi ni kunakili kikomo bila kunakili hesabu iliyokizaa (swali la 6).

## Ndani ya tathmini yenyewe

5. Wataalamu hufuata hatua gani?

Nne: kutambua madhara; kupima uhusiano wa kiasi na madhara; kukadiria kiasi kinachomfikia mlaji; kisha kuunganisha yote kupata ukubwa wa hatari. Kwa mahindi yenye aflatoksini B1, aina yake kali zaidi, huenda hivi.

Kutambua: mwaka 1960 Uingereza walikufa batamzinga zaidi ya 100,000 waliolishwa mashudu ya karanga kutoka Brazili, na humo ndimo sumu hii ilipogunduliwa. Leo iko kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Kiasi na madhara: EFSA, katika tathmini ya 2020, ilichukua mikrogramu 0.4 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku kuwa kiasi kinacholeta ongezeko la saratani ya ini la asilimia 10 kwa panya. Linganisho la namna hii kwa sumu zinazoharibu vinasaba hutaka mlaji awe mbali na kiasi hicho kwa mara 10,000 au zaidi.

Ulaji: chukua mtu mzima wa kilo 60 anayekula ugali wa gramu 400 za unga kwa siku, unga wenye mikrogramu 5 za B1 kwa kilo. Anameza mikrogramu 2, yaani nanogramu 33 kwa kila kilo ya mwili wake.

Kuunganisha: mikrogramu 0.4 ni nanogramu 400, na 400 gawa kwa 33 ni kama 12. Inatakiwa 10,000, tumepata 12.

6. Mikrogramu 5 si ndicho kikomo cha Afrika Mashariki? Ina maana unga unaokidhi kiwango si salama?

Ndiyo kikomo. Kiwango cha mahindi cha Jumuiya, EAS 2, kinaweka B1 isizidi 5 na aflatoksini kwa jumla isizidi 10, kwa mikrogramu kwa kilo (maabara husema ppb). Na ndiyo, hesabu ya swali la 5 haitoi neno "salama". Kwa sumu za aina hii hakuna kiasi ambacho chini yake madhara ni sifuri. Kanuni ni kupunguza mpaka pale inapowezekana kutekelezeka. Hicho "inapowezekana" si kipimo cha kisayansi. Kinagusa bei ya mahindi, njaa ya mwaka wa ukame, na uwezo wa mkulima kukausha mpaka unyevu wa asilimia 13.5.

Kwa hiyo mwanasayansi akiulizwa "je, 5 ni salama?" jibu la uaminifu ni kueleza 5 inaleta nini na 10 inaleta nini. Kuchagua kati yake ni kazi ya wenye dhamana, na wanapaswa kusaini wao. Ukiona msimamizi anasema "wanasayansi wametuambia tuweke 10", mwombe ripoti. Karibu kila mara utakuta wanasayansi waliweka jedwali.

Kwa mtoto hesabu ni nzito zaidi. Mtoto wa kilo 10 anayekunywa uji wa gramu 100 za unga wa lishe kwa siku, kwa kikomo hicho hicho, anapata nanogramu 50 kwa kilo ya mwili. Unga wa lishe mwingi huchanganywa mahindi na karanga, mazao mawili yanayoongoza kwa sumukuvu. Mtu akisema mchanganyiko huo uhesabiwe peke yake, bila kufunikwa na wastani wa taifa, hajazidisha.

7. Kama sayansi ni moja, mbona Ulaya, Marekani na Codex wana vikomo tofauti?

Kwa sababu walaji wao si wamoja, na uvumilivu wao si mmoja. Marekani hutumia 20 kwa aflatoksini ya jumla kwenye chakula. Ulaya huweka 4 kwa jumla na 2 kwa B1 kwenye mahindi yaliyo tayari kuliwa.

Hapa kuna jambo ambalo lingefaa kufundishwa kila mahali. JECFA, katika tathmini iliyotolewa 1998, ilikadiria kwamba nanogramu 1 ya B1 kwa kilo ya mwili kwa siku huleta saratani 0.01 kwa watu 100,000 kwa mwaka kwa wasio na virusi vya homa ya ini aina B, na 0.3 kwa wenye virusi hivyo. Tofauti ni mara 30. Kisha ikauliza: kikomo kikishushwa kutoka 20 hadi 10, tunaokoa wangapi? Kwa walaji wa aina ya Ulaya, ambako mtu 1 katika 100 ana virusi, ni kama wagonjwa 2 kwa mwaka katika watu bilioni 1. Kwa walaji wa Mashariki ya Mbali, ambako 25 katika 100 wana virusi, ni kama 300 katika watu bilioni 1.

Ushauri uliotokana na hapo ulikuwa mpana kuliko kikomo: chanjo ya homa ya ini B hupunguza saratani ya ini inayotokana na chakula. Wizara ya kilimo peke yake isingelifikia jibu hilo.

Maziwa nayo: Codex inaruhusu aflatoksini M1 (ile inayotoka kwenye maziwa ya ng'ombe aliyekula B1) mikrogramu 0.5 kwa kilo, Ulaya 0.05. JECFA ilipima vikomo hivyo viwili mwaka 2001 ikaona tofauti ya hatari kati yake ni ndogo sana. Pande zote mbili zilisoma ripoti hiyo moja, kila mmoja akabaki na chake.

8. Ile "gawa kwa 100" inatoka wapi?

Ni kwa dutu zenye kiasi kisicho na madhara, kama viongeza vingi. Huchukuliwa kiasi kikubwa zaidi ambacho hakikumdhuru mnyama wa maabara, kikagawanywa kwa 10 kwa tofauti ya mnyama na binadamu, na 10 nyingine kwa tofauti ya mtu na mtu. Haitumiki kwa aflatoksini. Hapo rudi swali la 5.

## Uhuru: unapimwaje?

9. Huru dhidi ya nani?

Watu hufikiria viwanda tu. Ziko pande nne: viwanda, wizara inayotaka jibu la kutuliza, wafadhili wa utafiti wenye ajenda, na jopo lenyewe, kwa maana mtaalamu aliyetumia miaka 20 kutetea nadharia yake ana maslahi hata kama hajalipwa senti.

Mambo ya kukagua kwenye jopo lolote:

- Matamko ya maslahi yapo hadharani, yamejazwa kwa mada inayojadiliwa, na yanahuishwa kila mwaka.
- Mtaalamu anakaa kwa jina lake. JECFA husema wazi kwamba wajumbe hawawakilishi serikali wala mwajiri.
- Aliyeandika utafiti unaopimwa haandiki rasimu ya kuupima.
- Swali lililotumwa na mamlaka limechapishwa kama lilivyoulizwa. Ukitaka kupata jibu fulani, njia rahisi kuliko kumhonga mtaalamu ni kumpa swali jembamba.
- Ripoti hutoka hata kama msimamizi hajaipenda.

10. Majaribio ya usalama hulipiwa na kampuni yenye bidhaa. Hapo uhuru uko wapi?

Ni kweli, kwa viongeza na viuatilifu anayeomba kibali ndiye anayegharamia majaribio. Hoja ya utaratibu huo ni kwamba mlipa kodi asigharamie bidhaa ya mtu binafsi. Udhaifu wake ni kampuni kufanya majaribio matano na kuwasilisha matatu.

Kinga hazitegemei imani. Maabara hufuata kanuni za utendaji bora za OECD (shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo) na hukaguliwa. Takwimu ghafi hukabidhiwa, si muhtasari pekee. Na Ulaya, kwa sheria iliyoanza kutumika 27 Machi 2021, kila jaribio lazima liandikishwe kabla halijaanza, kisha matokeo yachapishwe mapema kwenye safari ya maombi. Jaribio lililoandikishwa lisipoonekana kwenye jalada, maombi hukwama. Nchi inayopokea majalada kutoka nje inaweza kudai hilo jalada zima la Ulaya kabla ya kusajili kiuatilifu. Haigharimu kitu zaidi ya barua.

11. Mtaalamu aliyewahi kufanya kazi kiwandani aondolewe moja kwa moja?

Ukiwaondoa wote, utabaki na jopo lisilojua mashine ya kukoboa inafanyaje kazi. Ukiwaacha wote, utapata yaliyoipata EFSA Mei 2012, pale Bunge la Ulaya lilipoahirisha kupitisha hesabu zake za 2010, moja ya sababu ikiwa ni mgongano wa maslahi. Njia ya kati inayotumika ni muda wa kukaa nje, kwa kawaida miaka 2, kwa mada inayohusu mwajiri wa zamani. Wa kiwandani huitwa kama shahidi: anaeleza, anaulizwa, anatoka chumbani kabla ya majadiliano.

12. Kwetu chombo kimoja hutunga kiwango, hukagua na kuthibitisha. Tufanyeje?

Tanzania Bara, tangu Julai 2019, kazi ya usalama wa chakula iliyokuwa TFDA (Mamlaka ya Chakula na Dawa) ilihamia Shirika la Viwango, TBS. Kenya kazi hizi zimegawanyika kwa taasisi kadhaa, KEBS, shirika la viwango la huko, ikishika viwango. Kuunda wakala mpya wa tathmini ni ghali, na si lazima.

Linalowezekana kwa bajeti iliyopo: jopo la kudumu la watu 8 hadi 12 kutoka vyuo vikuu na maabara, wakiwemo mtaalamu wa sumu, wa takwimu, wa lishe na wa magonjwa ya binadamu, sekretarieti ndogo isiyoripoti kwa idara ya ukaguzi, na sharti kwamba ripoti ya jopo ipewe tarehe na namba kabla kamati ya viwango haijakaa. Hilo la tarehe lina uzito kuliko linavyoonekana. Ripoti inayoandikwa baada ya uamuzi huitwa ushauri, lakini ni utetezi.

## Mabishano

13. Shirika moja la WHO linasema kitu husababisha saratani, jingine linasema kuleni. Nani mkweli?

Wote, kwa maswali tofauti. Julai 2023 IARC, shirika la WHO la utafiti wa saratani, iliiweka aspatamu, kile kiongeza utamu cha soda zisizo na sukari, kwenye kundi la 2B, la vitu "vinavyowezekana" kusababisha saratani. Wakati huo huo JECFA ilibakiza kikomo cha ulaji cha miligramu 40 kwa kilo ya mwili kwa siku. IARC hupima uzito wa ushahidi kwamba kitu kinaweza kudhuru. JECFA huuliza kiasi gani.

Kwa hesabu: mtu wa kilo 70 anaruhusiwa miligramu 2,800. Kopo lenye miligramu 200 hadi 300 lingemtaka anywe makopo 9 hadi 14 kwa siku kufikia hapo, bila kuhesabu vyanzo vingine.

14. Na vyombo viwili vikijibu swali lile lile tofauti?

Hutokea. Mei 2021 EFSA ilisema rangi nyeupe E171, dioksidi ya titani, haiwezi tena kuhesabiwa salama, kwa kuwa haikuweza kuondoa wasiwasi wa kuharibu vinasaba. Ulaya ikaiondoa kwenye chakula 2022. JECFA iliitazama upya 2023 ikabaki na msimamo kwamba haihitaji kikomo cha ulaji. Tofauti iko kwenye kinachofanywa na mashaka: mmoja husema "haijathibitika kuwa haina madhara", mwingine "madhara hayajaonekana". Soma sehemu ya mashaka ya ripoti kabla ya hitimisho. Isipokuwepo, ripoti haijakamilika.

Jopo moja likigawanyika ndani, maoni ya wachache huandikwa na kuchapishwa pamoja na ya wengi.

15. Serikali inaweza kukataa ushauri?

Inaweza, na si dhambi, mradi iseme sababu ni ipi: bei, dini, ustawi wa wanyama, ugumu wa kutekeleza. Mfano mkali ni raktopamini, dawa ya kukuza misuli ya nguruwe na ng'ombe. JECFA iliipa kikomo cha ulaji, lakini Codex ilibishana miaka hadi Julai 2012 ilipopiga kura: 69 kwa 67. Ulaya na China ziliendelea kuikataa. Kura mbili zilizotenganisha pande hizo hazikuwa kipimo cha sumu.

Kisichokubalika ni kuficha sababu ya kiuchumi ndani ya lugha ya afya. Hapo ndipo kesi za WTO huanzia.

16. Takwimu zikiwa hazitoshi, tusubiri?

Hapana. Kifungu cha 5.7 cha mkataba uliotajwa swali la 4 kinaruhusu hatua ya muda kwa taarifa zilizopo, kwa sharti la kutafuta taarifa zaidi na kuipitia upya hatua hiyo ndani ya muda unaofaa. Watu hushika nusu ya kwanza. Katazo la muda lisilo na tarehe ya mapitio limegeuka la kudumu kimyakimya.

Watu wanapokufa, hata hivyo, mpangilio hugeuka: kwanza ondoa chakula, tathmini ifuate. Kenya 2004, Ukambani na maeneo jirani, waliugua watu 317 na kufa 125 kwa aflatoksini ya mahindi. Asilimia 55 ya sampuli zilizopimwa zilipita 20, na asilimia 7 zilipita 1,000. Tanzania 2016, Dodoma na Manyara, waliugua 68 wakafa 20. Kwenye 1,000 hakuna jopo la kuitisha. Kazi ya jopo ni baadaye, kuuliza kwa nini mfumo haukuona mpaka watu wakageuka macho ya njano.

## Mpakani, maabara na sokoni

17. Zuio la mahindi la Machi 2021 lilikuwa suala la kisayansi?

Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Tarehe 10 ikafungua kwa masharti, likiwemo cheti cha kuonyesha aflatoksini chini ya 10. Nchi zote tatu zinatumia kikomo kile kile cha EAS 2, kwa hiyo ubishi haukuhusu ukubwa wa hatari. Ulihusu kipimo. Maswali ya kuuliza kwa zuio lolote la aina hii: sampuli ngapi, za mizigo ipi, zilichotwaje, maabara ipi, na mahindi ya ndani yalipimwa kwa njia hiyo hiyo?

18. Mzigo mmoja, maabara mbili, majibu mawili. Nani kakosea?

Huenda hakuna, na huenda kosa lilifanyika kwenye lori. Sumukuvu haisambai sawasawa. Punje moja ya gramu 0.3 yenye mikrogramu 100,000 kwa kilo, na punje za hivyo zipo, ina mikrogramu 30. Ikiingia kwenye sampuli ya kilo 1, sampuli yote inasoma 30 na mzigo unakataliwa. Isipoingia, inasoma sifuri. Ni punje 1 kati ya kama 3,300.

Ndiyo maana kwa mzigo mkubwa wa nafaka Ulaya huchota mara 100, gramu 100 kila mara, kupata kilo 10. Makosa ya kawaida ni haya:

- Bambo (chuma cha kuchotea sampuli) linachomwa kwenye magunia ya mlangoni tu, kwa kuwa ya ndani hayafikiki. Choma wakati wa kupakia au kushusha.
- Kilo 10 zinachukuliwa vizuri, kisha maabara inachota gramu 50 za punje nzima. Kilo zote 10 zisagwe laini na kuchanganywa kwanza.
- Sampuli mbichi inakaa kwenye mfuko wa nailoni kwenye gari la jua siku 2. Kuvu wanaendelea kuzalisha. Tumia mfuko wa karatasi au nguo, ikauke.
- Jibu linaandikwa "5.4" bila kosa la kipimo. Kama kosa ni 1.1, huwezi kusema kwa uhakika imepita 5. Ulaya mzigo hukataliwa pale tu unapozidi kikomo baada ya kosa la kipimo kuzingatiwa.

19. Takwimu zetu zinahitajika wapi, na kwa nini zinakataliwa?

Kwa vichafuzi JECFA husoma hifadhi ya WHO iitwayo GEMS/Food. Nchi isiyotuma hukadiriwa kwa takwimu za wengine. Zinazokataliwa mara nyingi hazitaji kiwango kidogo kabisa ambacho kifaa kinaweza kuona. Ukiandika "haikuonekana" na kifaa chako kinaanza kuona kwenye 2, mtathmini atalazimika kuhesabu mara mbili, mara moja kama 0 na mara moja kama 2. Ukiwa na "haikuonekana" nyingi, wastani wako unaweza kuwa chochote kati ya hivyo.

Andika pia kama ni dona au sembe. Kukoboa huondoa sehemu kubwa ya sumu pamoja na pumba, nayo pumba huenda kwa ng'ombe, kisha tunarudi kwenye maziwa ya swali la 7.

20. Mwananchi au msindikaji mdogo anaweza kuchangia rasimu ya kiwango?

Anaweza. Rasimu hutangazwa kwa maoni, kwa kawaida siku 60. Maoni ya "kikomo ni kikali mno, tutafunga mashine" huingia kwenye uamuzi wa kiuchumi na yana nafasi yake. Ukitaka yaguse tathmini, ambatanisha namba: sampuli ngapi, msimu gani, wilaya, njia ya kupima, matokeo yote pamoja na mabaya. Taja kifungu unachokipinga kwa namba yake na uandike maneno unayopendekeza badala yake.

Omba jibu la maandishi. Kamati hulazimika kuonyesha kila maoni yalikubaliwa au yalikataliwa kwa sababu gani, na jedwali hilo la majibu ndilo lenye faida kulisoma kuliko kiwango chenyewe.